Mtume Paulo Ndiye Aliyetuponza

Usharika wetu umeamua kwamba Kwaresima hii si ya kufunga na kusali tu. Kila Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, tunakutana kanisani tumevaa raba, tunakimbia kwanza, ndipo tunasoma Neno. Mchungaji anasema mwili na roho ni mapacha. Sawa, lakini mbona pacha mmoja anasali amekaa kwenye benchi na mwenzake anakimbizwa mpaka barabara kuu?

Nikitafuta mchawi, namkuta Mtume Paulo. Aliwaandikia Wakorintho habari za mbio na ndondi, watu ambao jirani na mji wao, pale Isthmia, palikuwa na michezo kila baada ya miaka 2, na mshindi alivishwa taji la majani. Majani! Mtu anajinyima, anatoka jasho, halafu anapewa zawadi ambayo mbuzi akikatiza tu imekwisha. Paulo akawabana hapo hapo: kama hawa wanajitesa kwa kitu kinachonyauka, sisi tunaotafuta kisichonyauka tuna udhuru gani? Hoja imekaa vizuri mno, na ndiyo inayoniudhi.

Wenye vitambi nasi tuna andiko letu, 1 Timotheo 4:8, panaposemwa kwamba mazoezi ya mwili yanafaa kidogo tu. Tumelishika kuliko Yohana 3:16. Nikamsomea kijana anayetuongoza. Ana adabu za ajabu huyu: anakupa shikamoo, ukishaitikia marahaba tu, anakulaza chini upige pushapu. Akanijibu, "Mzee wangu, malizia mstari." Mbele kidogo utauwa unatajwa kuwa unafaa kwa mambo yote, nao Paulo kaufanya mazoezi vilevile. Nikafunga Biblia.

Maana huko rohoni nako hakuna nafuu. Januari jimu zinafurika, na mpango wa kusoma Biblia mwaka mzima nao unaanza kwa fujo. Mwanzo tunapita mbio, Kutoka tunavuka bahari na Waisraeli, tukifika Mambo ya Walawi, kwenye figo na mafuta ya sadaka, msafara unakatika. Kagua Biblia yoyote pale kanisani: kurasa za Mwanzo zimekuwa kahawia kwa vidole, ila kuanzia Hesabu bado zimegandana kingo, dhahabu yake haijaguswa.

Kijana akituambia tuanze na chuma chepesi, tuongeze taratibu, tunamwelewa. Kwenye sala tunarukia mkesha wa usiku kucha, na dakika 5 za asubuhi kabla ya kushika simu zinatushinda. Tuna mzee wa kanisa anayekemea mapepo mpaka spika zinakoroma. Bodaboda ikimchomekea kwenye foleni, hayo yanayomtoka siwezi kuyaandika hapa. Uvumilivu ni msuli ambao hajawahi kuunyanyulia hata kilo moja.

Somo moja tu la kijana limenipendeza: msuli haukui wakati unanyanyua, hukua baadaye, mtu akipumzika na kulala usingizi wa kutosha. Nimemweleza mchungaji kwamba hicho ndicho ninachofanya wakati wa mahubiri. Amecheka sana, kisha akanihamishia kundi la mbele la wakimbiaji, eti huku nyuma napata muda mwingi mno wa kufikiri.