Peugeot Iliyofundishwa Adabu

Hongera, kijana wetu wa Machakos, kwa kuishusha 504. Gari hilo lilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, likavimba kichwa. Sasa linasujudia kila tuta kutoka Kyumbi hadi mjini.

Nyuma kushoto bado kumeinuka vidole viwili? Washamba wangekagua kama springi imekaa kwenye kikombe chake, walegeze nati za bushi zilizokazwa gari likiwa juu ya jeki, walishushe, walitikise, ndipo wakaze. Fundi wako kawapita wote: gunia la saruji ndani ya buti, upande ule ule. Gari limenyooka kama rula, mradi lisiondoke.

Abiria hushukia kila tuta. Mazoezi ni afya. Aliyeokota ekzosi pale Kyumbi, tafadhali airudishe.