Namna ya Kulihoji Neno Geni Likibisha Hodi Kolwezi

Neno geni likikujia mjini Kolwezi, liwe limeandikwa kwenye kibao cha lango la mgodi au limetamkwa na mtu mwenye haraka nyingi, usiliinamishie kichwa. Lipe kiti. Kisha liulize yale ambayo mama mwenye nyumba humuuliza kijana aliyekuja kuposa: kwenu wapi, nani amekuleta, na unakula nini? Likijibu kwamba lenyewe ni la kisayansi, basi usiondoke hapo. Sayansi si kijiji. Hakuna neno lililozaliwa huko.

Anza na kobalti, kwa kuwa ndilo linalolisha nusu ya mtaa. Kwao ni Ujerumani, katika milima ya Erzgebirge, ambako wachimbaji wa fedha walikutana na jiwe lililofanana na la fedha. Walipolichoma hawakupata fedha, walipata moshi wenye sumu ya aseniki. Wakasema hii ni kazi ya kobold, jini mdogo wa chini ya ardhi, mwizi na mtani mbaya. Katika miaka ya 1730 Msweden Georg Brandt alionyesha kwamba ndani ya jiwe lile mna metali isiyojulikana bado, lakini jina la jini likabaki. Waingereza wakalichukua, Wafaransa wakalichukua, likatufikia sisi. Leo zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote inayochimbwa duniani hutoka Kongo, nyingi yake jimbo letu la Lualaba, na yote hubeba jina la jini aliyesingiziwa kosa la aseniki. Naomba kila anayeshuka shimoni alijue hili, kwa sababu jina hilo lilianza kama onyo la afya: watu wa kwanza kulitamka walikuwa wakikohoa. Ukilisikia, funika pua kwanza, bei uulize baadaye.

Heterojeniti, jiwe jeusi ambamo kobalti ya Kolwezi hutoka kwa wingi, usipoteze nalo muda mrefu. Ni Kigiriki, maana yake ni kitu cha jinsi nyingine, na aliyelibatiza mwaka 1872 alikuwa Mjerumani pia. Mshukuru, endelea.

Sasa geukia nyumbani, kitandani. Usiku wa Juni na Julai, baridi ya Lualaba ikiuma, unajifunika bulangeti. Neno hilo ni la Kiingereza. Limefikaje katika nchi ambayo ofisi zake zote husema Kifaransa? Fuata reli. Union Minière, kampuni ya kuchimba madini ya Katanga, iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1910 reli kutoka kusini ikafika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Kwa njia hiyo walikuja wafanyakazi wa Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, pamoja na wasimamizi wa Kiingereza, na mizigo yao ya maneno: buku, motuka, bulangeti. Lakini usikome hapo, libane zaidi. Waingereza wenyewe walilipata kutoka Kifaransa cha kale, ambamo lilimaanisha kitambaa cheupe. Kwa hiyo Mbelgiji aliyekuja Katanga na couverture yake alikuta neno la zamani la lugha yake limekwisha kutangulia, likiwa limezungukia London na Cape Town. Likikuchekesha, cheka, ndivyo historia ya Katanga ilivyo, na ni halali kuifurahia.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ligeuze swali: Kiingereza kimekopa nini kwetu? Wengi hudhani deni lote ni letu. Fungua orodha ya madini ya dunia. Mwaka 1980 wataalamu wawili wa Ubelgiji, Deliens na Piret, walieleza jiwe jipya la shaba na kobalti kutoka mgodi wa Musonoi, wakaliita kolweziti. Mgodi wa Kamoto nao una jiwe lake, kamotoiti. Likasi ina likasiti, Kipushi ina kipushiti. Mwanafunzi wa jiolojia huko Chicago lazima atamke majina ya mitaa yetu, na anapaswa kuyatamka vizuri.

Kisha kuna shabaiti, nayo uikalie kitako. Rais Mobutu aliliita jimbo la Katanga “Shaba” mwaka 1971, kwa neno ambalo Kiswahili kilikopa kutoka Kiarabu. Mwaka 1989 jiwe la manjano hafifu kutoka Kamoto likapewa jina la jimbo hilo. Mwaka 1997 jimbo likarudia jina la Katanga, mwaka 2015 likagawanywa na Lualaba ikazaliwa, lakini jiwe halikufuata amri yoyote ya serikali. Tena ndani yake mna urani, kalsiamu na neodimi. Shaba hamna hata chembe.

Ukishazoea kuhoji mawe, hoji maneno yanayogusa mfuko wako, maana hapo ndipo woga wa lugha unapoumiza watu. Kwenye depo ya kuuzia madini utasikia teneur. Ni Kifaransa, limetokana na kushika: kiasi cha metali ambacho mzigo umekishika. Bei yote hutegemea kiasi hicho. Chombo kinachokipima huitwa metorex, na wengi huamini hilo ni jina la ufundi wenyewe, kumbe ni jina la kampuni ya Finland iliyotengeneza vyombo vya namna hiyo. Chombo hupeleka mionzi kwenye jiwe na kusoma inayorudi. Husoma ngozi ya juu tu, na maji hupunguza namba yake. Basi dai mzigo usagwe na kuchanganywa kabla ya kupimwa, ukaushwe, na namba uisome wewe mwenyewe kwenye kioo, wala si kutajiwa kwa mbali.

Wakikujibu kwa maneno mengine matatu mapya, usione haya. Sema kwa Kiswahili chako, kwa heshima na kwa sauti ya kusikika: “Papa, katika kilo mia za mzigo huu, kobalti ni kilo ngapi?” Ngoja jibu kabla ya kuachia gunia.