Keki ya Marehemu

Mashabiki wa besiboli nchini Marekani, yaani mchezo wa kuupiga mpira kwa gongo na kuvizunguka vituo vinne, huadhimisha siku za kuzaliwa hata za wachezaji waliokwisha kuzikwa. Mahodari hawa wa takwimu, wasiosahau pigo hata moja la mwaka 1927, wana shujaa wao Babe Ruth, aliyekaribia miaka 40 akiamini kwamba alizaliwa tarehe 7 Februari 1894, ilhali cheti kilisema 6 Februari 1895. Mrushaji mpira Satchel Paige naye alidai kuwa mbuzi aliitafuna Biblia ya familia yenye tarehe yake; mbuzi huyo, shahidi pekee, hakukatiwa keki. Mwaka 1965, akihesabiwa miaka 59, Paige alirusha mpira katika ligi kuu bila kuruhusu alama.