Gauni la Kuamkiwa Shikamoo

Kwa muuza mitumba wa soko la Karume, Dar es Salaam, kila nguo imezaliwa leo asubuhi. "Mzigo mpya, dada, belo limefunguliwa sasa hivi!" anapaza sauti akiwa juu ya meza, na kweli belo limefunguliwa sasa hivi, hapo uongo hana. Asichosema ni kwamba ndani ya zile kilo 45 zilizobanwa kwa mashine mna nguo zilizoshonwa kabla mama yake hajavunja ungo.

Gauni langu lilitoka humo. Rangi ya chungwa iliyotulia, kola ndogo, mikono inaishia kwenye kiwiko, na urefu wake, tuseme tu lilikuwa la mtu asiyeokota kitu kikidondoka. Nililijaribu kwa utaratibu wa pale pale: juu ya nguo nilizovaa, mbele ya kioo kilichovunjika kona, huku wateja wenzangu nisiowajua wakitoa maoni bila kuombwa. Mmoja akasema limenipenda. Mwingine akasema lingependeza zaidi kwa mdogo wangu, kama ninaye. Wa tatu hakusema neno. Alikuwa amelishika pindo kwa nyuma, anasubiri nilivue alichukue yeye.

Lebo ilisema saizi 12. Nyumbani nina magauni ya saizi 12 yananipwaya, lakini hili lilifika mbavuni likagoma. Ndivyo zilivyo nguo za zamani za Marekani: namba ni ile ile, mwili ndio mwingine. Kadiri miaka ilivyokwenda, viwanda vya huko viliongeza upana na kuiacha namba palepale, ili mnunuzi atoke dukani akijiona amekonda. Ni hila ninayoiunga mkono kabisa, isipokuwa pale inaponikuta mikono juu, kichwa kimo ndani ya gauni, na mwenye meza ananionya, "Usivute, dada. Likichanika umenunua."

Nililinunua likiwa zima, tafadhali.

Jioni nikaligeuza ndani nje, maana umri wa nguo uko huko. Zipu ilikuwa ya chuma, yenye meno ya kung'ata ngozi. Kile kitambaa cha maelekezo ya kufua hakikuwepo kabisa, na Marekani iliwalazimisha wenye viwanda kukiweka kuanzia mwaka 1972. Halafu kwenye mshono wa ubavuni nikakuta kilebo cha buluu kimeandikwa ILGWU, yaani chama cha wafanyakazi wa viwanda vya nguo za wanawake, na juu yake kialama cha herufi R ndani ya duara. Wanaozichunguza lebo hizo wanajua kwamba R hiyo iliingia mwaka 1963, na kwamba mwaka 1974 lebo yenyewe ilibadilishwa ikawa ya nyekundu, nyeupe na buluu. Basi gauni hili lilishonwa kati ya 1963 na 1972. Linanizidi umri, tena kwa mbali. Tangu siku hiyo nikifungua kabati asubuhi naona haya kulipita bila kuliamkia.

Shangazi yangu hakuhitaji lebo. Alilitupia jicho mara moja akakaa chini kwa kicheko. "Magauni haya ndiyo waliyokuwa wanatukimbizia vijana wa TANU!" Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati ule, ulitangaza Operesheni Vijana, kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua ni marufuku. Tarehe hiyo haikusubiriwa. Kariakoo wasichana walishushwa kwenye mabasi na makundi ya watu mwezi ule ule wa Oktoba. Shangazi huisimulia habari hiyo akicheka, ingawa hacheki sehemu zote. Alipomaliza akatoa amri: "Lishushe pindo."

Fundi wetu anakaa barazani na cherehani yake ya kukanyaga. Nikamwambia apanue ubavuni na ashushe pindo, basi. Ubavuni mambo yalikwenda vizuri mno, kwa kuwa walioshona gauni lile walikuwa watu wakarimu; waliacha kitambaa cha ziada upana wa vidole viwili ndani ya mshono. Fundi wetu, ambaye kwenye nguo zetu haachi hata uzi, alikipapasa kile kitambaa kama mtu aliyeokota pesa.

Pindo ndilo lililoleta maneno. Lilipofunguliwa, chini kukatokea mkanda mwekundu, mbichi, wa rangi ambayo haijawahi kuliona jua. Kumbe gauni halikuwa la rangi ya chungwa hata siku moja. Lilikuwa jekundu, na ule utulivu ulionivutia Karume ulikuwa ni kuchujuka.

"Tuweke lesi," akasema fundi. Fundi huyu ukimpelekea pazia lililotoboka atasema tuweke lesi. Nikakataa. Shangazi, aliyekuja eti kunisindikiza, akasema lesi itapendeza. Kwa hiyo sasa lina lesi, nyeupe, pande zote.

Nilipokwenda kulichukua, fundi alikuwa amejaa furaha. Alikuwa ameing'oa zipu ya chuma na kutia ya plastiki, "maana ile ilikuwa ya zamani, dada," na bei ya zipu mpya ikaongezwa kwenye hesabu yangu. Vilebo navyo alikuwa amevikata vyote ili visiniwashe. Kile cha ILGWU nilikiokota chini ya cherehani, katikati ya nyuzi na vipande vya vitenge. Zipu ilikuwa imeshapata kazi nyingine kwenye begi la shule la mwanawe, na nikiri kwamba inafunga vizuri kuliko hii niliyotiliwa mimi.

Ndugu msomaji, ukiokota gauni la namna hii, lipige picha kwa ndani kabla hujalipeleka kokote: lebo, zipu, mishono. Na habari ya lesi malizaneni na fundi mapema, shangazi akiwa hayupo.