Sifa za Kidude cha Sauti

Wenye kusifu madaraja na wasifu, wenye kusifu wakubwa nao hawakosi ajira. Mimi leo nakisifu kidude cha plastiki kisichozidi kidole gumba, chenye matundu mawili: la kijani la spika na la pinki la maikrofoni. Ni kadi ya sauti ya USB. Katika akedi za katikati ya Kampala kinaning'inia kando ya chaja na kava za simu, kwa bei ya rolekisi chache, zile chapati za kukunjwa na mayai, na muuzaji anakupa bila kuuliza kompyuta yako inaumwa nini.

Utukufu wake ni kwamba hakitengenezi chochote. Fundi hufungua laptopu, akapuliza vumbi jekundu, akasaka draiva, akapiga Windows upya, na bado kimya. Kidude hakina habari na mambo hayo. Kadi ya zamani kinaiacha palepale kwenye bodi, tundu limelegea au chipu imeungua siku umeme uliporudi kwa kishindo, nacho kinaanza kazi upande wa pili. Hata ule mvumo unaotoka kwenye saketi za ndani ya kompyuta, mara nyingi unaisha kwa sababu tu kidude kimekaa nje.

Babu yake alikuwa na makuu. Sound Blaster ya Creative, kampuni ya Singapore, ilipotoka mwaka 1989, mtu alishika bisibisi, akafungua boksi, akagombania namba za mipangilio ziitwazo IRQ. Huyu mjukuu ukimchomeka tu, Windows inamtambua. Ana kauongo kamoja: mgongoni ameandikwa 7.1, yaani njia nane za sauti. Matundu mawili, njia nane! Tumsamehe, mjini hapa kuna vyeo vilivyopatikana kwa maelezo dhaifu kuliko hayo.

Kwani Kampala bila sauti ni nini? Kwenye vibanda vya video watu hulipa wamsikie vijei akiitafsiri filamu kwa Kiluganda na kuitia chumvi. Filamu ya Isaac Nabwana wa Wakaliga ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, nakala yake isiyo na vijei ilifutwa kwenye kompyuta kupisha kazi nyingine. Iliyobaki, na kupendwa duniani, ni ile ambayo VJ Emmie anapiga kelele mwanzo hadi mwisho. Kwa watu kama sisi, kompyuta bubu ni msiba.

Tena kidude kinamlinda fundi. Kikishachomekwa, wakati mwingine kompyuta hung'ang'ania kupeleka sauti kwenye kadi iliyokufa. Fundi huinama mbele ya skrini, mgongo ukikuziba usione, akabofya alama ya spika karibu na saa, akachagua kifaa kipya. Hapo ndipo hela yako ilipokwenda, na hakuna anayelalamika, kwa sababu muziki tayari unalia.

Wabaya wake hukitia dosari moja, kwamba kinafanana na fleshi. Basi siku ya kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba ukweni, wakwe wameketi, ssenga, yaani shangazi, anamleta binti kwa wimbo wa kucheza, kijana anayetafuta fleshi yake anakichomoa. Hema zima linamgeukia mtu wa muziki, naye anapigapiga spika zisizo na kosa.