Mguu Mmoja, Nchi Mbili

Siku niliyokwenda kuwasalimia wakwe pale Kamembe, Rwanda, viatu niliviacha mlangoni kama adabu inavyotaka. Miguu nikaingia nayo. Hapo ndipo nilipokosea.

Zulia lilikuwa jipya, limevushwa mpaka kutoka Bukavu, Kongo, juzi tu. Nilipiga hatua tatu, ya nne ikagoma: uzi ulikuwa umenasa kwenye ufa wa kisigino cha kulia. Nikavuta. Zulia likaja, na kimeza chenye chai kikaanza kulifuata. Mama mkwe akatazama kisigino, akatazama zulia, akasema kwa upole ulioniua, “Mukwe, pole na safari.” Safari yenyewe ilikuwa dakika kumi kwa pikipiki.

Magaga yale niliyachuma Bugarama, kwenye mpunga. Asubuhi nilikuwa peku topeni, jua likinikausha nyayo hadi zipasuke. Mchana nashinda ndani ya bote za mpira bila soksi. Kufika mavuno, nyuma nina nyufa za kuficha sarafu, na mbele, kati ya kidole cha nne na kile kidogo, ngozi imelowa, imekuwa nyeupe, inawasha usiku kama inalipwa.

Waganga hawakukosekana. Jirani alinituma Amashyuza, kwenye chemchemi za maji moto, ambako watu walikuwa wakienda kuloweka kila kinachowauma. Raha niliyoipata siwezi kuikana. Kisha nikavaa bote zilezile, mbichi.

Sokoni nikauziwa tyubu yenye maandishi nisiyoyajua. Siku ya nne muwasho ukanyamaza, nikatangaza ushindi kwa mke wangu. Kumbe krimu za namna ile mara nyingi huwa na steroidi: zinatuliza muwasho huku fangasi wanaendelea kujenga. Wiki mbili baadaye walikuwa wameshahamia mguu wa pili.

Ndipo mzee mmoja akanigawia kopo la Whitfield. Dawa hii, yenye jina la daktari wa ngozi wa Uingereza, Arthur Whitfield, ina asidi ya benzoiki na ya salisiliki, na hiyo ya pili kazi yake ni kumenya ngozi ngumu. Ni dawa ya fangasi. Mimi, na akili zangu timamu, niliipaka ndani ya nyufa za visigino. Watoto wa jirani walikuja kutazama ngoma. Na kati ya vidole nikashindilia Vaseline.

Nesi wa kituo cha afya alicheka kwanza, akaniuliza kadi ya mituweli, bima ya afya, baadaye.

“Baba, huu ni mguu mmoja lakini nchi mbili, sawa na sisi na Bukavu. Kisigino kinataka mafuta. Kati ya vidole kunataka ukavu. Weye umegeuza yote!”

Akanipa klotrimazoli ya asubuhi na jioni, na onyo: muwasho ukiisha nisiache, niongeze wiki mbili. Bote zianikwe, vidole vifutwe kimoja kimoja. Visigino visuguliwe taratibu kwa jiwe, vipakwe Vaseline usiku, kisha soksi, kisha kitandani. Usiku wa kwanza mke wangu aliniuliza kama ninasafiri kwenda Ulaya.

Jumapili iliyopita wakwe walitualika tena. Niliingia na visigino laini kama vya mtoto, nikiwa na hamu ya kukanyaga. Sakafu ilikuwa tupu. Zulia lilikuwa limekunjwa, limefungwa kamba, limesimamishwa nyuma ya kabati.

“Karibu, mukwe,” alisema mama. “Kuwa huru.”