Kikao cha Makande

*Jikoni uani, Dar es Salaam, saa nne usiku. Mahindi makavu na maharage wamelala majini kwenye bakuli. Jiko la Mkaa linakohoa majivu.*

JIKO: Kesho makande. Bajeti yangu naitangaza mapema: visado viwili vya mkaa, saa nne mfululizo, na asiniingilie mtu.

SUFURIA: Mzee, mara ya mwisho uliwaka kutwa nzima, na mahindi yakawashinda watu meno.

JIKO: Wakaidi hao! Wenzao waliokobolewa huiva upesi. Hawa wamekuja na maganda yao yote, kama wanahamia.

MAHINDI: Shikamoo, babu. Ni kweli, ganda halipitishi maji upesi. Ndiyo maana tumelowekwa tangu magharibi. Tukiamka tumevimba, kazi yako itapungua.

JIKO: Ipungue? Na mimi nitaonekana wa nini?

SUFURIA: Hapo ndipo penye ugonjwa. Hapa pwani maji yakichemka ni nyuzi 100. Puliza mpaka uwe mwekundu, yatabaki 100 hizo hizo. Unachozidisha ni mvuke, na mvuke unawapikia mijusi darini.

JIKO: Lakini yanatokota kwa kishindo! Watu wanaheshimu kishindo.

MFUNIKO: Mimi hata sisemi. Kazi yangu humu ni kupepea moto.

PRESHA KUKA *(kutoka kabatini)*: Ndani yangu maji yanafika karibu nyuzi 120. Dada yangu yuko Njombe, huko milimani maji yanachemka hata 95 hayajafika. Bila yeye, maharage ya Krismasi yangeliwa Pasaka.

SUFURIA: Mpira wako ulikatika mwaka juzi. Kaa kimya.

KAPU *(limejaa matambara na kanga kuukuu)*: Basi nipeni mimi. Wachemke sawasawa, kama dakika arobaini, wamefunikwa. Kisha Sufuria aingie kwangu akiwa amejaa na bado anatokota. Asije mtu kufunua eti anaonja. Wakikaidi, wachemshwe tena kidogo, warudi.

JIKO: Wewe huna hata kaa moja!

KAPU: Sina, babu. Nalizuia joto lako lisitoroke.

MAHARAGE: Sisi wekundu tuna sharti. Tukiingia kapuni bila kuchemka, tutawavuruga matumbo. Dakika kumi za mchemko wa kweli ni haki yetu. Na nyanya zisubiri mwisho. Zikitutangulia, tunagoma kulainika.

JIKO: Naona njama. Tangu ule mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameniacha ifikapo 2034, kila mtu ananipigia hesabu za kustaafu. Sasa hata kapu!

*Kesho yake, saa kumi na moja jioni. Kapu linafunguliwa, mvuke unapanda. Mgeni anatia kijiko cha kwanza mdomoni.*

MGENI: Laini hivi! Dada, umepikia nini?

*Mama mwenye nyumba, mdomo umejaa, anaelekeza kidole kwa Jiko, lililozimwa tangu saa sita mchana.*

JIKO *(likikohoa kwa unyenyekevu)*: Saa nne mfululizo.